Spika Yetu, Lawama Akapewa Mwingine

Mimi ni mwanachama wa kawaida tu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu, na kila mwaka jarida hili linapotoka huwa nasoma mashairi na vichekesho kisha nazipita kurasa za maoni. Mwaka huu nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu kuna neno limenikaa kooni tangu muhula wa kwanza. Neno lenyewe linahusu monita na spika. Tafadhali msidhani ninamsema monita wa darasa, yule anayeandika majina ya wapiga kelele, wala Spika wa Bunge. Ninasema monita ya tarakilishi, ile ya kizamani yenye mgongo mkubwa kama kobe, na spika ya kutolea sauti.

Maoni yangu nitayatoa mapema ili asiyetaka kusoma asijisumbue. Msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza alilaumiwa bure hapa shuleni kwamba ameharibu monita, ilhali chanzo cha madhara yale kilikuwa ni chama chetu hiki hiki. Na hata hilo neno "kuharibu" si sahihi. Monita haikuwa imeharibika. Ilikuwa imeshikwa na sumaku, na dawa ya sumaku tulikuwa nayo vichwani tangu Kidato cha Pili, tukaiacha huko huko vichwani.

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa moja tulikuwa na mazoezi ya shairi la kukariri kwa ajili ya tamasha za muziki. Bwalo lilikuwa na mkutano wa wazazi, kwa hivyo tukaruhusiwa kutumia chumba cha tarakilishi. Tukaibeba spika yetu kubwa, ile nyeusi ya mbao ambayo kila mwanachama anaijua kwa uzito wake, tukaiunganisha na simu ya mlezi wetu, na mazoezi yakaendelea vizuri mpaka saa kumi na moja. Ilipofika saa ya kwenda nyumbani hakuna aliyekuwa na hamu ya kuirudisha spika ghalani. Sisi wa kutwa mnatujua, kengele ikilia kila mtu anafikiria njia. Mimi na mwenzangu tukaipandisha mezani karibu na dirisha, tukaifunika kitambaa ili mpita njia asiione na kuitamani. Meza ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hivyo tukaisukuma mpaka ikaegemea ubavu wa monita namba nne. Mkono ulioisukuma ni huu huu unaoandika makala haya.

Jumatatu asubuhi Kidato cha Kwanza walikuwa na kipindi cha kwanza. Monita namba nne ilipowashwa, pembe ya chini upande wa kulia ilikuwa na doa. Si doa dogo. Lilikuwa la rangi ya zambarau katikati, kijani pembeni, na pale palipopaswa kuwa peupe pakawa pa waridi. Maandishi yalionekana, lakini ni kama mtu ameyamwagia maji ya zambarau zilizoiva. Daftari la chumba lilionyesha jina la msichana huyo kwenye namba nne, na basi, kesi ikawa imekwisha. Darasa zima likageuka kuwa mafundi. Mmoja akasema ni virusi. Mwingine akasema ameibonyeza kioo kwa kidole. Wa tatu akasema ameimwagia maji ya chupa, na hata hakuwa na chupa. Mwalimu wa zamu alipoingia alikuta tayari hukumu imetolewa na watoto wa miaka kumi na minne, naye akaitia muhuri. Msichana akaambiwa amlete mzazi, na kwamba monita ya kununua mitumbani ni shilingi 4,500.

Mimi nilikuwa mlangoni nikingoja kipindi chetu. Nilimwona akitoka analia. Naapa kwamba wakati huo sikujua lolote. Niliiona spika pale pale chini ya kitambaa chake, na wala haikunijia akilini. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe tulikuwa tumeizoea mno.

Jioni ile tulifuatana njia moja naye kwa sababu naye ni wa kutwa. Nikamuuliza, "Kwani ulifanya nini?"

Akanijibu, "Kaka, mimi sikuguza kitu. Niliiwasha tu hivi, ikakuja hivyo."

Nilimwamini, lakini kumwamini bila sababu hakumsaidii mtu mbele ya mwalimu mkuu. Karibu na steji ya matatu kuna kibanda cha mzee mmoja anayetengeneza redio na televisheni za zamani. Siku ya pili yake nikapitia hapo. Nikamwamkia, nikamweleza lile doa, zambarau katikati na kijani pembeni. Hata hakuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichomelea waya.

"Kijana, hapo karibu kuna sumaku?"

"Hapana, mzee. Ni chumba cha tarakilishi tu."

"Kuna spika?"

Nilinyamaza. Nadhani nilinyamaza muda mrefu, maana ndipo alipoinua macho.

Alichukua spika kuukuu iliyokuwa sakafuni, akaigeuza mgongo, akaiachilia bisibisi yake karibu nayo. Bisibisi ikaruka na kunata pale nyuma: tap! Spika ile haikuwa imeunganishwa na stima wala betri. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka wenzangu mlishike, kwa sababu wengi mliniambia, "Lakini spika ilikuwa imezimwa." Ndani ya spika kuna koni ya karatasi, na nyuma ya koni kuna koili ndogo ya waya inayocheza mbele ya sumaku ya kudumu. Sauti inapokuja kama umeme, koili husukumwa na kuvutwa, nayo koni husukuma hewa tukasikia. Ukizima spika unauzima umeme wa koili. Ile sumaku ya kudumu haina swichi. Inafanya kazi Jumamosi, inafanya kazi Jumapili, inafanya kazi usiku sisi tukiwa tumelala makwetu.

Sasa kwa nini sumaku iisumbue monita? Nitajaribu kueleza kwa Kiswahili kwa sababu fizikia tunaisoma kwa Kiingereza na wengi huikariri kama sala ya lugha ya kigeni. Monita ya kizamani ni chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa ndani. Nyuma kabisa, kwenye shingo ya chupa, kuna bunduki ya elektroni. Katika monita ya rangi miale ni mitatu, mmoja kwa ajili ya nyekundu, mmoja kijani na mmoja buluu. Elektroni hizo huvutwa kuelekea mbele na volti nyingi mno, kama 25,000 hivi, wakati soketi ya ukutani hutupa volti 240 tu. Zikifika mbele hugonga vitone vya unga uliopakwa ndani ya kioo, na kila kitone huwaka kwa rangi yake. Vitone ni vidogo, tena vimekaribiana. Ili mwale wa nyekundu usigonge kitone cha kijani, nyuma ya kioo huwekwa bamba jembamba la chuma lenye matundu mamia ya maelfu. Mwale hupita kwenye tundu kwa pembe yake maalumu na kuangukia kitone chake maalumu. Monita ya namna hiyo ilionyeshwa na kampuni ya RCA huko Marekani mwaka 1950, na televisheni nyingi za rangi zilizofuata zilitumia mpango huo huo.

Na miale hiyo inaendeshwaje kushoto na kulia, juu na chini, mpaka ijaze skrini nzima? Kwa sumaku! Shingoni mwa chupa kumezungushwa koili za shaba, na umeme ukipita humo huzaa uga wa sumaku unaopinda miale. Huu si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson aliipinda miale ya namna hii kwa sumaku na kwa umeme, na hapo ndipo elektroni ilipogunduliwa. Mwaka uo huo Mjerumani Karl Ferdinand Braun akatengeneza chupa ya kwanza ya aina hii yenye kioo cha kutazamia. Kwa hivyo sumaku ndiyo usukani wa monita tangu mwanzo. Ukiileta sumaku nyingine ubavuni ni kama abiria aliyeketi mbele kwenye matatu kumshikia dereva usukani. Mwale uliokuwa unakwenda kwenye nyekundu unasukumwa kidogo tu, chini ya milimita moja, unaangukia jirani. Hapo peupe panakuwa zambarau.

Iwapo mambo yangeishia hapo, kuiondoa spika kungetosha. Jambo la pili ndilo lililotuponza. Lile bamba la matundu ni la chuma, na chuma kikikaa na sumaku nacho hugeuka sumaku. Spika yetu ilikaa pale Ijumaa usiku, Jumamosi, Jumapili. Bamba likashika usumaku pembeni. Kwa hivyo hata baada ya spika kuondoka, doa lilibaki kwa sababu monita ilikuwa sasa imebeba sumaku yake yenyewe tumboni.

Hapa naomba nisimame kidogo niwaulize wenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Si tulifundishwa katika Kidato cha Pili namna ya kuondoa usumaku? Njia ni hizi: kukipiga chuma nyundo, kukipasha moto sana, au kukipitisha katika koili yenye mkondo geu na kukitoa polepole. Nina hakika ukiamshwa saa nane za usiku utazitaja bila kukosea. Katika mtihani wa mwisho wa muhula mimi nilipata alama zote za swali hilo. Na bado niliketi mbele ya monita yenye ugonjwa huo huo nikasema labda ni virusi! Darasa zima lilifaulu swali, na darasa zima likashindwa na doa. Silaumu walimu wetu wa fizikia. Wao walituchorea koili ubaoni, wakaturuhusu kuigusa maabarani. Ninalaumu ukuta tulioujenga sisi wenyewe kati ya maabara na chumba cha tarakilishi, hatua thelathini tu, kana kwamba sayansi ya huku haipiti kule bila kibali cha naibu wa mwalimu mkuu.

Kuhusu virusi, jambo hili lingeweza kukatwa kwa nusu dakika. Virusi ni programu, nayo hukaa ndani ya lile sanduku la tarakilishi. Chomoa kebo inayotoka kwenye sanduku kwenda kwenye monita. Kama doa bado lipo katika ujumbe wa monita yenyewe unaosema haioni picha, basi sanduku halina hatia, na aliyeketi kwenye kibodi pia hana hatia. Hakuna aliyechomoa. Lakini kumwita mzazi kulikuwa rahisi.

Siku ya Jumatano nilikwenda kwa mwalimu anayesimamia chumba kile. Sitasema nilikwenda kishujaa. Nilizunguka mlango wa ofisi ya walimu mara tatu nikijifanya natafuta daftari. Mwishowe nikasema, "Mwalimu, naomba kuzungumza. Ile monita namba nne, si yule msichana. Ni spika ya Chama cha Kiswahili, na niliiweka mimi." Alinitazama, akauliza kama nimetumwa na msichana yule. Nikamwambia hapana. Tukaenda wote chumbani. Tukaiondoa spika, tukaiwasha monita. Kukasikika ile sauti inayosikika kila asubuhi, "dum!", picha ikatikisika, na doa likapungua karibu nusu. Pale pale mwalimu akanyamaza vile nilivyonyamaza mimi kibandani.

Ile "dum" nayo ina maana yake, na sikuijua mpaka mzee wa kibandani aliponieleza. Ndani ya monita za rangi, kuizunguka chupa, kuna koili ya waya iliyowekwa kwa kazi moja tu: kuliosha bamba. Unapowasha, mkondo geu mkubwa hupita katika koili hiyo, kisha hupungua wenyewe haraka mpaka kufifia, na usumaku wa bamba hufifia pamoja nao. Ni ile ile njia ya tatu ya Kidato cha Pili, ila badala ya kukitoa chuma polepole, umeme ndio unaopungua. Kinachoupunguza ni kipande kidogo ambacho kikipata joto hukataa kupitisha umeme. Ndiyo maana kiranja wetu alipoizima na kuiwasha mara saba mfululizo siku ya Jumatatu hakufaulu kitu. Kile kipande kilikuwa bado cha moto, na spika bado ilikuwa imeegemea. Ilifaa aiondoe spika, aizime monita, aende zake akanywe chai ya mapumziko, arudi baada ya nusu saa.

Doa lililobaki lilikuwa kaidi. Koili ya ndani ni dhaifu kidogo, na spika yetu si ya mchezo. Mwalimu akakubali mzee aitwe. Alikuja Ijumaa saa tisa baada ya vipindi, na chombo chake kilikuwa kama pete kubwa, waya wa shaba uliofungwa utepe mweusi, na swichi ya kubonyeza. Kwanza akaomba skrini yote ifanywe nyekundu, kwa sababu doa hujificha kwenye picha lakini halijifichi kwenye nyekundu tupu. Kisha akaisogeza ile pete mbele ya kioo akiizungusha polepole. Jamani, mngeona! Skrini nzima ikacheza rangi zote, mawimbi ya kijani na zambarau yakikimbizana, mpaka mwenzangu akapiga kelele kwamba sasa ndiyo imekufa kabisa. Mzee hakujibu. Alirudi nyuma hatua kwa hatua huku anaizungusha, mpaka akafika mlangoni, ndipo akaachilia swichi. Skrini ilikuwa nyekundu tupu, pembe kwa pembe. Kazi yote haikuzidi dakika mbili. Alilipwa shilingi 300. Ukitoa 300 kwa 4,500 utaona msichana yule alikuwa anadaiwa nini.

Nilimwomba mzee anikopeshe ile pete nikajaribu mwenyewe kwenye televisheni ya nyumbani. Alikataa kwa ukali, na sasa naona alikuwa na haki. Ukiizima pete ungali karibu na kioo unaacha doa baya kuliko la kwanza. Na hili naliandika kwa wale wenzangu wenye mikono mepesi: msifungue mgongo wa monita kutafuta hiyo koili. Zile volti elfu kadhaa zinaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa kebo ukutani. Hapo mtu hawezi kusema alikuwa anajaribu tu.

Wako waliobishana nami, na hoja zao si za kupuuzwa. Hoja ya kwanza: mbona vile vispika vidogo vilivyokuja na tarakilishi vimekaa kando ya monita miaka na miaka bila doa? Ni kweli. Vile vilitengenezwa kwa ajili hiyo. Nyuma ya sumaku yake hubandikwa sumaku ya pili iliyogeuzwa kinyume, na mara nyingi huvikwa kikombe cha chuma, ili uga usitoke nje sana. Spika yetu ilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi, hakuna aliyefikiri itaegemezwa monita. Kwa hivyo ukiona spika moja haidhuru usikate shauri kwamba zote ni pole. Hata dunia yenyewe ni sumaku, na watengenezaji wa monita hizi walizirekebisha kwa nchi za kaskazini, za kusini na za ikweta mbalimbali, maana rangi huweza kuhama kidogo ukiisafirisha au hata ukiigeuza iangalie upande mwingine. Ikiwa sumaku hafifu ya dunia inahesabiwa, sembuse hiyo yetu ya kubebwa na watu wawili?

Hoja ya pili ilitoka kwa rafiki yangu wa karibu: "Hizo ni takataka za zamani. Tununue bapa, mambo yaishe." Naam, skrini bapa haina bunduki wala mwale wa kupindwa, spika haiwezi kuitia doa la namna hii. Nami ningezipenda. Lakini karibu nusu ya skrini tulizo nazo ni hizi nene, na tuko wanafunzi wawili, wakati mwingine watatu, kwa mashine moja. Ukiitoa moja kwa doa la shilingi 300 unawaongeza watatu kwenye benchi la wengine. Tena itatupwa wapi? Kioo cha chupa ile kimechanganywa na risasi, kilo nzima au zaidi, na risasi ni sumu. Ghalani tayari ziko mbili zilizoandikwa MBOVU kwa chokaa. Nani aliziangalia? Nani aliuliza kama kulikuwa na spika karibu? Mimi ningependa ziwashwe kabla hazijaitwa maiti.

Kuhusu umbali, niliazima dira kutoka chumba cha jiografia nikaipima spika yetu uwanjani, mbali na mabati. Kwa sentimita 20 sindano iliisahau kaskazini kabisa ikaitazama spika. Kwa sentimita 50 ilipotoka kwa kiasi cha kuonekana. Kwa mita moja ilitikisika kidogo tu. Hii inapatana na hesabu: ukiwa mbali kiasi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ya sumaku hushuka mpaka thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kwa hivyo hatuhitaji chumba kingine wala kabati la fedha. Tunahitaji mita moja, na kuizidisha iwe mbili kwa usalama. Nimependekeza mstari wa rangi sakafuni, spika isiuvuke. Ule wa chaki niliouchora mimi hufutwa kila Ijumaa na wenye zamu ya kufagia, nami huuchora tena Jumatatu. Nimependekeza pia daftari la chumba liwe na safu moja zaidi: kando ya jina la aliyeketi, iandikwe kipi kililetwa chumbani na nani. Lingekuwa na safu hiyo, Jumatatu ile lingesema "Chama cha Kiswahili, spika moja" na macho yote yangegeuka upande wetu, kama ilivyostahili.

Maana hilo ndilo linalonikera zaidi ya doa. Kidato cha Kwanza hana wa kumsemea. Sisi tulikuwa chama chenye mlezi, chenye kombe la tamasha kwenye kabati la ofisi, na hakuna aliyetushuku hata dakika moja. Yeye alikuwa na jina kwenye daftari tu. Mama yake alikuja Alhamisi, akapoteza siku nzima ya soko, akaketi kwenye benchi la nje kuanzia asubuhi mpaka saa tano. Nilipita mbele yake mara mbili. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba hatalipa, nami nilishukuru kusikia hivyo, lakini kumwambia mtu kwamba hatalipa si sawa na kumwambia kwamba mtoto wake hakukosa.

Kwa hivyo ninaomba mambo mawili, na ninayaomba katika jarida letu wenyewe ili chama kisijifiche. Kwanza, Chama cha Kiswahili kimwombe msamaha msichana yule mbele ya gwaride, siku ya Jumatatu, kama vile jina lake lilivyotajwa siku ya Jumatatu. Mimi niko tayari kusimama mbele na kusema nilichofanya. Pili, barua iliyoandikwa kumwita mzazi wake bado imo kwenye faili lake ofisini. Nimeuliza, nikaambiwa ni kawaida, barua zote hukaa. Naomba hiyo itolewe, au ibandikwe nyingine juu yake inayosema monita namba nne inafanya kazi, na kwamba spika ilikuwa yetu.